Barua ya wazi: Nani anialike kwenye matanga ya baba yangu?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia viza, mipaka na mambo ya Wakongomani wa ng'ambo,
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,
Kinshasa.

KUHUSU: MASHARTI YA KUINGIA NCHINI KWA WALIOZALIWA KONGO NA SASA WANA PASI ZA NJE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima yote. Hii ni barua yangu ya tano. Mbili nilizituma kwa posta ya rejista, ya tatu kwa barua pepe, na ya nne niliipeleka mwenyewe, nikaandika jina kwenye daftari la mapokezi, nikapewa kikaratasi chenye muhuri na tarehe. Kikaratasi ninacho. Jibu sina. Kwa hiyo hii ya tano naiandika hadharani, na naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndugu zangu wa Fizi, Uvira, Bukavu na Goma waliopita nilikopita wanaisoma. Nanyi pia mnaijua: ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa kwenye Katiba.

Nilizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1996 vita viliposhuka kutoka Uvira tulivuka ziwa usiku, ndani ya boti la mizigo, hadi Kigoma. Nilikuwa na miaka tisa, na ninachokumbuka zaidi ni harufu ya magunia ya ndagala tuliyokalia. Kambi ya Nyarugusu ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa. Nilisoma pale, nikaoa pale. Wazazi wangu walirudi mwaka 2007 kwa meli zilizokuwa zikiwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma. Mimi nilibaki, na mwaka 2015 nikapewa makazi Amerika Kaskazini. Miaka sita baadaye nikaapa uraia wa huko. Sikuapa kwa kuichukia Kongo. Mtu aliyeishi miaka kumi na tisa kwa kadi ya mgao, siku anapowekewa mezani karatasi ambayo hakuna askari wa kuichana, anasaini.

Mwezi wa tatu 2025 baba alifariki, Baraka. Alizikwa siku ya pili, na hilo silalamikii, maiti haingoji ndege. Ila mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Kwetu, wa kwanza ndiye anayeketi na wazee kuondoa matanga, kugawa alivyoacha marehemu, na kusimama pale kaburi linapojengewa. Kazi hiyo haijafanyika mpaka leo kwa sababu sijaingia. Pasi yangu, kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa, imeandikwa jina la nchi yenu na yangu. Mstari huo haukunisaidia kitu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Masharti hayakai mahali pamoja.

Ofisi ya viza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilikuwa na orodha yake kwenye tovuti: pasi yenye zaidi ya miezi sita, picha mbili, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya mwaliko, fomu na ada. Nikakusanya vyote. Dirishani nikaambiwa niongeze taarifa ya benki ya miezi mitatu. Nikarudi nayo. Nikaambiwa barua ya mwaliko lazima ithibitishwe na serikali kulekule. Safari ya tatu nilifika saa nne asubuhi nikakuta dirisha limefungwa, karatasi imebandikwa kwa selotepu: leo hatupokei. Kutoka kwangu hadi dirisha lile ni saa tisa kwa basi.

Dada aliyekuwa zamu zile siku mbili za mwanzo alikuwa mpole, na ninamtaja ili ieleweke kwamba simlaumu. Naye alikuwa anapekua karatasi tatu, kila moja imechapwa mwaka wake, akitafuta ipi ndiyo inayotumika.

2. Barua ya mwaliko.

Hapa mniruhusu nikae kidogo. Sharti linataka mtu aliye ndani ya nchi anialike, aseme nitalala kwake na atanitunza, kisha karatasi igongwe muhuri. Kwa mfanyabiashara anayekwenda Kinshasa kuonana na kampuni, sawa. Mimi anialike nani? Mwenye nyumba ni baba, na baba ndiye ninayekwenda kumlilia. Mama hajui kuandika. Mwishowe binamu yangu akakubali kuwa mwenyeji wangu, katika nyumba ambayo mimi nilijifunzia kutembea.

Aliiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari yenye mistari. Akaambiwa karatasi ya namna hiyo haigongwi muhuri, ichapwe. Umeme haukuwapo, akamlipa kijana mwenye jenereta na printa. Alipopeleka iliyochapwa akaambiwa sahihi inayotakiwa haipatikani Baraka, aende Uvira. Anayeijua barabara ya Baraka hadi Uvira sina haja ya kumsimulia. Alipanda pikipiki. Kila bariyeri aliacha kitu: ya jeshi, ya vijana wenye silaha, na moja ambayo mpaka leo hajui ilikuwa ya nani. Alifika Uvira wakati mji umejaa askari waliokimbia Bukavu, ofisi nyingi milango imefungwa, na watu wanauvuka Mto Ruzizi kwenda Burundi na magodoro kichwani. Alilala huko siku tatu, akarudi na muhuri.

Aliponitumia picha ya ile barua kwa WhatsApp nilikuwa kazini, kwenye zamu ya usiku. Nikaikuza kwa vidole viwili. Muhuri ulikuwa umekaa juu ya jina langu, herufi mbili hazisomeki. Nilijua hapohapo. Na kweli, dirishani ikarudishwa kwa sababu ya zile herufi mbili.

Waheshimiwa, mtu amepita kwenye bariyeri za vita ili kutafuta muhuri wa kuthibitisha kwamba mama yangu atanipokea. Niambieni, muhuri ule ungewapa habari gani ambayo cheti changu cha ubatizo, kilichoandikwa Baraka kabla ya vita na ambacho nilikuwa nacho mkononi, kisingewapa?

3. Viza inahesabu siku kama vile hakuna vita.

Mama mmoja tunayesali naye alipata viza yake mwezi wa kumi na moja 2025, baada ya kuihangaikia tangu kiangazi. Desemba waasi wa M23 wakaingia Uvira, njia aliyokuwa aipite ikakatika. Aliahirisha tiketi mara moja, akaahirisha tena. Viza ikaisha ndani ya droo, haijagusa mpaka. Alipouliza kama inaweza kuongezwa muda, akajibiwa aombe upya: ada upya, picha upya, mwaliko upya.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji ulipotekwa. Wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, ulitekwa Februari. Kila mtu anajua kwamba kwenda Kivu siku hizi unapanga njia tatu ili upate moja. Wanaogonga viza ndio pekee wanaohesabu siku thelathini kana kwamba barabara zote ni nyeupe.

4. Mihuri ya wenye mamlaka wawili.

Hili ni zito, nami nitalisema kwa tahadhari. Tangu mwanzo wa 2025 Goma na Bukavu hazimo mikononi mwa serikali. Mwenye kwao Goma akitaka kumwona mama yake, anapita Gisenyi, upande wa Rwanda, na kukuta ng'ambo ya mpaka watu wasiotumwa na Kinshasa. Majirani wa mpaka wana lesepase zao na jetoni zao, yaani vikaratasi vya kuvukia mpaka, wamezoea kuvuka na kurudi siku hiyohiyo, wao wanajua wanavyojipanga. Sisi wenye pasi za nje tunauliza swali moja: mtu akigongewa muhuri na wale, kesho akitaka kwenda Kalemie, Lubumbashi au Kinshasa, atahesabiwa nini? Msafiri? Msaliti? Na mwenye viza yenu halali, iliyolipiwa, akifika kwenye mpaka usio mikononi mwenu, viza hiyo ina kazi gani?

Nimeuliza swali hilo kwa maandishi mara mbili. Sijasimuliwa na mtu kwamba watu wamewekwa ndani kwa muhuri, wala sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mzee wa miaka sabini anaacha kwenda kwenye msiba wa dada yake kwa kuogopa karatasi yake mwenyewe, na neno lenu moja la maandishi lingemtoa hofu au lingemzuia mapema asile hasara ya tiketi. Pande zinazopigana zina mazungumzo yake, Doha na kwingineko. Sisi wa misiba hatumo kwenye mazungumzo hayo, na sidhani kama kuna aliyekumbuka kututaja.

5. Kadi ya njano.

Fupi. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo ya homa ya manjano inadumu maisha yote ya aliyechanjwa. Bado wenzangu wanaambiwa kadi ya miaka kumi na miwili imekufa, wachanjwe tena au watoe chochote. Watumieni maofisa wote waraka wa ukurasa mmoja, yaishe.

6. Pesa.

Ada inalipwa kwa mani oda peke yake, hairudi, na ukikosea jina la kuandikia, mani oda nayo inakataliwa. Mimi nimelipa mara mbili. Sitawahesabia dola zangu hapa, maana nikianza nitaonekana nimekuja kudai pesa, nami sikuja kwa hilo. Ila mjue kwamba kwa watu wanaofanya kazi ya kukata nyama viwandani na kufagia hospitali, mara mbili ni kodi ya nyumba.

Najua mtakayojibu, kwa sababu sehemu yake nimeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema sheria ni sheria. Ni kweli: Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine, na sheria ya Novemba 2004 ilikuwa imeshasema hivyo. Sibishani. Sikuja kuomba uraia wa pili katika barua hii, ingawa moyoni nina maoni yangu. Lakini nakumbuka pia kwamba mwaka 2007, ilipogundulika kuna wabunge wenye pasi za nje, Bunge lenyewe lilipitisha muda wa nafuu ili jambo lipoe. Kwa waheshimiwa sheria ilijua kungoja. Kwa mfiwa wa Baraka imeshindwa kungoja hata herufi mbili.

Na Chui wetu je? Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili kichwani kama bunduki, wakiililia mashariki ya Kongo mbele ya dunia. Kadhaa kati yao wamezaliwa Ulaya. Sikumsikia mtu siku ile akiuliza nani amewaalika. Tulilia wote, ninyi na sisi.

Mtasema ni usalama: nchi iko vitani, haiwezi kumfungulia kila mtu. Sawa kabisa, na mimi niliyekimbia bunduki nikiwa mtoto ndiye wa kwanza kutaka mpaka ulindwe. Basi nichunguzeni. Chukueni alama za vidole, mniulize jina la chifu wetu, jina la mto tuliokuwa tunaoga, mwite mtu wa kijiji. Waasi waliingia Goma na Bukavu kwa silaha, hawakupanga foleni dirishani na picha mbili za pasipoti. Anayekaguliwa na sharti la mwaliko uliochapwa ni binamu yangu kwenye pikipiki.

Mtasema nchi za nje nazo zinawatesa Wakongomani kwa viza. Hapo mna haki. Marekani inamtoza Mkongomani dola 185 kabla hata hajahojiwa, akikataliwa hairudi, na Ulaya nayo ni hivyohivyo. Ni uonevu. Lakini mkilipiza, mnamlipizia nani? Mzungu anayekuja kwa mradi ana shirika la kumfanyia makaratasi. Anayebaki dirishani akitetemesha mani oda ni mtoto wa Fizi.

Mtasema hakuna njia nyingine. Ipo, na si mbali. Ethiopia, ambayo nayo hairuhusu uraia wa nchi mbili, tangu 2002 inawapa watu wenye asili ya Ethiopia kitambulisho maalumu cha kuingilia na kuishi bila viza. Tanzania nayo imekataa uraia pacha miaka yote, lakini mwaka 2025 imeweka sheria ya hadhi maalumu kwa watoto wake walio nje. Kenya waliruhusu uraia pacha katika Katiba ya 2010, na mwaka 2023 wakawaondolea viza Wakongomani wote. Sisi tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tukashangilia. Mimi nikitaka kwenda Kigoma, kwenye nchi iliyonihifadhi nikiwa mkimbizi, naomba viza kwenye simu, ada naiona kabla sijaanza, na jibu linakuja kwenye barua pepe. Kutoka Kigoma boti zinakwenda Baraka. Naweza kufika Kibirizi, nikasimama ufukweni, nikazitazama zikipakia mizigo ya kwetu, nikarudi. Hilo naruhusiwa.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni hiki.

Toeni kibali cha asili kwa aliyezaliwa Kongo au mwenye mzazi Mkongomani, hata kiwe cha miaka miwili miwili, kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, kadi ya zamani ya wapiga kura ya mzazi, au karatasi ya ukimbizi inayotaja tulikotoka. Karatasi za Nyarugusu zinaandika kijiji cha mtu na jina la baba yake. Sijui kama kuna daftari nchini linalotujua vizuri kuliko hilo. Kabla kibali hicho hakijawa sheria, mwaliko uondolewe kwa anayekwenda kwenye msiba au kwa mgonjwa, na badala yake apeleke cheti cha kifo au cha daktari. Maombi ya msiba yajibiwe ndani ya siku tatu. Hata jibu la hapana ni jibu, mtu anunue kitambaa cheusi akalilie sebuleni.

Viza ambayo njia yake imekatwa na vita iongezwe muda bila ada. Orodha ya masharti iwe moja, yenye tarehe juu, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne, na ofisi isiruhusiwe kuongeza sharti ambalo halimo. Na kuhusu Goma na Bukavu, semeni neno moja kwa maandishi: mwananchi au mwenye asili ya Kongo aliyepita huko kwa msiba hatahesabiwa kosa kwa muhuri aliogongewa. Kama hamwezi kusema hivyo, semeni mnachoweza kusema. Tutajipanga.

Sikuomba msamaha wa ada ya ombi langu. Sikuomba nipokewe na gari uwanjani.

Mama yangu amehifadhi shati moja la baba, hajalifua. Kila Jumapili ananitumia ujumbe wa sauti, na kabla hajanisalimu husema tarehe, kama karani. Wazee wamekubaliana kwamba matanga yaondolewe kiangazi hiki, mwezi wa saba, barabara zikikauka na muhogo ukiwa umevunwa. Simenti ya kaburi imeshanunuliwa, mifuko sita, imewekwa chumbani juu ya mbao isipate unyevu. Fundi ameuliza mara mbili kama aanze. Wamemjibu asubiri.

Ombi langu liko kwenye dirisha lile tangu mwezi wa pili, safari hii na mwaliko mpya usio na muhuri juu ya jina. Namba ya faili iko kwenye nakala niliyowatumia, pamoja na jina langu kamili. Naomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa sita.

Wenu kwa heshima,

Mtoto wa kwanza wa marehemu,
mzaliwa wa Baraka, teritware ya Fizi, Kivu Kusini.